Kalamu ya Wino Kwenye Droo ya Parokia: Tuisome Kabla ya Kuipeleka kwa Sonara

Katika ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, kitu cha njano huulizwa kwanza uzito wake. Ndivyo inavyokuwa hata kwa kalamu kuukuu za wino zinazokutwa kwenye droo za ofisi za parokia, kwenye makabati ya sakristia na katika masanduku yaliyoachwa na wamisionari. Mtu hufungua kifuniko, akaona nibu inang'aa, akasoma "14K", na wazo la kwanza likawa sonara. Nibu inang'olewa na kuuzwa. Sehemu iliyobaki inatupwa, au wanapewa watoto wachezee.

Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba anayefanya hivyo anauza kidogo na kupoteza kingi. Tutaeleza kalamu hizi zilikotoka, zinavyofanya kazi, namna ya kuzitambua na kiasi cha dhahabu iliyomo. Kisha tutaeleza jambo ambalo kwetu sisi tunaojiandaa kwa upadre ni zito zaidi: jinsi ujuzi wa kalamu unavyosaidia kusoma vitabu vya sakramenti kwa ukweli.

Zilifikaje Usukumani?

Injili ililetwa kusini mwa Ziwa Viktoria na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mababa Weupe, mwishoni mwa miaka ya 1870. Wengi wao walitoka Ulaya, na baadaye wakaongezeka Wakanada. Wamarekani walichelewa kufika. Shirika la Maryknoll, lililoanzishwa Marekani mwaka 1911, lilianza kazi Tanganyika mwaka 1946 upande wa Musoma. Katika miaka ya 1950 likapokea pia malezi ya eneo la Shinyanga. Jimbo lililokuwa likiitwa Maswa lilibadilishwa jina kuwa Shinyanga mwaka 1956, na Askofu Edward McGurkin wa Maryknoll akaliongoza hadi mwaka 1975, alipopokewa na Askofu Castor Sekwa.

Tuziangalie tarehe hizo pamoja na historia ya kalamu. Kalamu za biki zilianza kuuzwa New York mwaka 1945. Zilikuwa ghali na zilivuja. Biki ya bei nafuu ya kampuni ya Bic ilitokea Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950. Maana yake ni kwamba Wamaryknoll wa kwanza walifika wakati kalamu ya nibu bado ndiyo kalamu ya kila mtu aliyesoma. Huko kwao ilikuwa zawadi ya kawaida kwa kijana anayehitimu masomo, na mara nyingi jina lake lilichongwa ubavuni.

Upande wa Geita mambo ni tofauti kidogo. Jimbo la Geita lilizaliwa mwaka 1984 kutoka Jimbo la Mwanza, na eneo lake lililelewa na Mababa Weupe. Kalamu ya Kimarekani ikionekana huko, inaleta maswali mapya. Je, ilikuja na padre aliyehamishwa? Au ilitoka kwa mtu wa mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960? Kalamu haitajibu maswali hayo yote peke yake, ila inatupa mahali pa kuanzia.

Inavyofanya kazi

Kalamu ya wino ina sehemu nne kuu: nibu inayogusa karatasi, kipande chenye mifereji kilichokaa chini ya nibu, chumba cha kuhifadhia wino, na kifuniko. Wino hushuka kwenye mifereji myembamba na kuifuata karatasi kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Wino unapotoka, hewa lazima iingie kujaza nafasi yake. Hewa ikiingia kwa pupa, wino humwagika. Isipoingia, kalamu hukauka katikati ya neno.

Tatizo hilo lilisumbua watu kwa miaka mingi. Lewis Waterman wa New York alipata hataza mwaka 1884 kwa mifereji iliyopitisha wino na hewa kwa mpangilio mzuri. George Parker, aliyekuwa mwalimu wa telegrafu mjini Janesville katika jimbo la Wisconsin, alianza kutengeneza kalamu zake mwishoni mwa miaka ya 1880. Walter Sheaffer alikuwa sonara katika mji wa Fort Madison, Iowa. Mwaka 1908 alipata hataza ya kalamu inayojazwa kwa wenzo mdogo ulio ubavuni: ukiuinua, unabana kifuko cha mpira kilichomo ndani, ukiuachia, kifuko kinavuta wino. Basi tukumbuke kwamba mmoja wa waasisi wa kalamu hizi alikuwa sonara, naye aliona ni heri dhahabu iandike.

Namna ya kuitambua

Hatua ya kwanza ni kusoma maandishi yaliyochongwa, kwa mwanga wa upande na kioo cha kukuzia. Yasisuguliwe kwa dawa ya meno wala kitambaa kigumu, kwa maana yakifutika hayarudi.

Parker. Iliyoenea zaidi ni Parker 51, iliyoingia sokoni mwaka 1941. Nibu yake imefichwa, ikabaki ncha tu inayochungulia. Karibu na maneno "MADE IN U.S.A." tunaweza kukuta tarakimu moja, pengine na nukta pembeni. Tarakimu hiyo ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na nukta huonyesha robo ya mwaka: tatu ni robo ya kwanza, mbili ya pili, moja ya tatu, na bila nukta ni ya nne. Utaratibu huo uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Tuchukue mfano. Parker 51 ina tarakimu 1. Je, ni ya 1941 au ya 1951? Tunafungua sehemu ya nyuma. Tukikuta kitufe cha kusukuma, ni mtindo wa zamani wa kujazia. Tukikuta ala ya chuma yenye kifuko ndani na kibonyezo ubavuni, huo ni mtindo ulioingia mwaka 1948, kwa hiyo kalamu ni ya 1951. Alama mbili zikisomwa pamoja zinatoa jibu ambalo moja isingeweza kulitoa.

Sheaffer. Nyingi za bei ya juu zina nukta nyeupe kwenye kifuniko, juu ya klipu. Alama hiyo ilianza mwaka 1924 kuonyesha dhamana ya maisha. Ile iitwayo Snorkel, ya mwaka 1952, ina mrija mwembamba unaotoka chini ya nibu na kunywa wino, ili nibu yenyewe isichovywe.

Waterman. Za zamani zimetengenezwa kwa eboniti, yaani mpira mgumu mweusi, na zina namba kwenye kitako. Kalamu namba 52 ni ya kujazwa kwa wenzo, ndiyo maana ya 5, na nibu yake ni ya ukubwa wa 2.

Esterbrook. Ilitengenezwa Camden, New Jersey, na bei yake ilikuwa ya watu wa kawaida. Nibu yake ni ya chuma kisichoshika kutu, inafunguliwa kwa kuzungushwa, na ina namba ya tarakimu nne. Zile zinazoanza na 9 zina ncha ya madini magumu. Esterbrook haina dhahabu kwenye nibu, kwa hiyo sonara haitaki na mwenye droo huitupa. Sisi tunasema isitupwe, maana kalamu ya bei nafuu ndiyo inayofaa kwa kazi za kila siku kama kuandika orodha za wakatekumeni.

Tusome pia nchi ilikotengenezwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Parker ilikuwa na kiwanda Newhaven, Uingereza, na kingine Kanada. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, kwa hiyo Parker iliyoandikwa "MADE IN ENGLAND" ingeweza kununuliwa katika maduka ya mjini. Iliyoandikwa "MADE IN U.S.A." inaelekeza zaidi kwa mtu aliyekuja nayo kutoka kwao. Ya Kanada inaweza kuwa ya padre kutoka Quebec, au hata ya mtu wa Mwadui, mgodi wa almasi ulioanzishwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Hayo yote ni madokezo, hayajawa ushahidi. Kalamu husafiri, hupewa wengine na hurithiwa.

Dhahabu yake ni kiasi gani?

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa huku kwetu hoja isiyo na mizani haisikilizwi. "14K" ina maana kwamba katika sehemu 24 za madini, 14 ni dhahabu, yaani takriban asilimia 58. Nibu nyingi hazifiki nusu gramu. Nibu ya gramu 0.4 ina dhahabu safi ya gramu 0.23 hivi. Haifiki robo gramu, na mnunuzi bado atakata chake.

Maandishi mengine hudanganya jicho. Kifuniko chenye "1/10 12K GOLD FILLED" si cha dhahabu tupu. Kimevikwa tabaka la dhahabu ya karati 12, ambayo nusu yake tu ni dhahabu, na tabaka hilo ni sehemu moja ya kumi ya uzito wa madini. Kwa hiyo dhahabu safi ni sehemu moja ya ishirini, imetandazwa nyembamba juu ya madini ya kawaida. Na mahali penye rangi ya njano bila maandishi yoyote, mara nyingi ni mchovyo tu.

Kwa nini walitumia dhahabu? Wino wa zamani wa kudumu ulikuwa na asidi, na asidi ilikula chuma. Dhahabu haishiki kutu. Lakini dhahabu ni laini, ingelika haraka kwenye karatasi, kwa hiyo nchani waliunganisha punje ndogo ya madini magumu ya jamii ya iridiamu na osmiamu. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi. Iridiamu huhitaji zaidi ya nyuzi 2,400. Katika chungu cha sonara punje hiyo haiyeyuki. Hubaki kama changarawe ndani ya dhahabu na kuharibu tupa yake.

Na kuna hatari. Kalamu nyingi za kabla ya 1950 zilitengenezwa kwa seluloidi, ambayo hushika moto upesi sana. Asiwepo mtu wa kuichoma kalamu nzima ili apate nibu.

Kalamu na ukweli wa vitabu

Tufike kwenye kiini. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na inaagiza pia vitabu vya zamani vihifadhiwe kwa uangalifu. Vitabu hivyo si mali ya historia tu. Mzee anayetafuta kuandikishwa kuzaliwa kwake akiwa amechelewa, au anayeomba kitambulisho cha taifa, huja parokiani kuomba cheti cha ubatizo. Wachumba huja kuthibitisha kwamba wako huru kufunga ndoa. Mahakama ya Kanisa huuliza kilichoandikwa na kilichoongezwa pembeni. Mstari mmoja wa wino unaweza kuamua haki ya mtu.

Hapa ndipo ujuzi wa kalamu unapotufaa. Maandishi ya nibu na ya biki yana tofauti ambayo jicho lililozoea huiona. Wino wa nibu ni maji. Huingia kwenye karatasi, na kingo zake zinaweza kusambaa kidogo. Nibu inayonepa hutoa mstari mnene unaposhuka na mwembamba unapopanda. Mahali kalamu ilipoanza kukauka rangi hupauka, kisha hukolea ghafla baada ya kujazwa. Biki hutumia wino mzito kama grisi. Mstari wake ni wa unene mmoja, huacha vidonge kwenye mizunguko, na ukilaza ukurasa kwenye mwanga wa upande utaona mfereji uliochimbwa na shinikizo.

Sasa tuseme ukurasa una tarehe ya 1938, na kati ya mistari ya nibu kuna mstari mmoja wa biki. Mstari huo haukuandikwa mwaka 1938, kwa sababu biki zilikuwa hazijaanza kuuzwa. Je, ni udanganyifu? Si lazima. Huenda ni ubatizo ulioandikwa baadaye kwa ushahidi halali, au nakala kutoka kitabu kilicholiwa na mchwa, au taarifa ya ndoa iliyoongezwa kama sheria inavyotaka. Lakini paroko anayejua tofauti hiyo atatafuta uthibitisho kabla ya kutoa cheti. Asiyejua atatia mhuri tu.

Wino nao una habari zake. Baadhi ya wino wa bluu-nyeusi ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini. Huo hukolea ukikutana na hewa, haufutwi na maji, na baada ya miaka mingi hugeuka kahawia. Wino wa kufulika, uliopendwa kwa sababu hautii doa la kudumu kwenye kanzu, huondoka kwa maji na kufifia kwa jua. Ndiyo maana chupa za Quink, wino wa Parker uliotoka mwaka 1931, ziliuzwa za aina zote mbili, wa kudumu na wa kufulika. Kitabu kilichoandikwa kwa wino wa kufulika kikinyeshewa na mvua ya bati linalovuja, majina huondoka.

Kwa sababu hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mtu asipitishe biki juu ya maandishi yaliyofifia. Akifanya hivyo anafunika ushahidi kwa makisio yake. Apige picha ya ukurasa, kisha aandike usomaji wake kwenye karatasi nyingine, akiweka jina lake na tarehe. Pili, kurasa zisibandikwe selotepu wala kutiwa plastiki ya moto. Tatu, kitabu kisipimwe wino kwa tone la maji. Kipimo hicho huharibu kile kinachopimwa.

Kuifufua bila kuiumiza

Kalamu iliyokauka kwa miaka mingi isilazimishwe. Nibu na sehemu ya mbele ziwekwe kwenye maji safi yasiyo ya moto, yakibadilishwa mpaka yawe meupe. Maji ya moto huharibu seluloidi, spiriti pia. Eboniti nyeusi isilowekwe kabisa, kwa kuwa hupoteza rangi. Ifutwe tu kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Wenzo ukigoma usivunjwe, maana kifuko cha mpira kilichomo ndani kwa kawaida kimekuwa kigumu na kinahitaji kubadilishwa. Kalamu ikianza kufanya kazi, ijazwe wino uliotengenezwa kwa kalamu za nibu. Wino wa mhuri na wino mweusi wa kuchorea huganda na kuziba mifereji.

Ni ya nani, na tuanzie wapi?

Kalamu iliyokutwa kwenye droo ya parokia si ya aliyeiona. Kanuni ya 1283 inadai wasimamizi wa mali ya Kanisa watengeneze orodha ya vitu vya thamani na vya urithi wa kiutamaduni, pamoja na maelezo yake. Kalamu inayoweza kuunganishwa na mwanzo wa parokia inastahili mstari katika orodha hiyo. Parokia ikiona ni lazima kuuza, basi iamue paroko pamoja na kamati ya fedha, kwa maandishi, na kalamu iuzwe nzima. Kwa wakusanyaji, Parker au Sheaffer iliyokamilika kwa kawaida ina bei kubwa kuliko dhahabu ya nibu yake. Iliyong'olewa nibu ni mabaki tu.

Kwa anayetaka kufanya utafiti, daftari moja linatosha. Aandike kalamu ilipatikana wapi, siku gani, pamoja na vitu gani. Anakili maandishi yote yaliyochongwa, hata herufi zisizoeleweka. Apige picha kabla ya kusafisha. Kisha aende kwa makatekista wa zamani, masista na wazee wa parokia, awaonyeshe bila kuwatangulizia jibu: aulize wameiona kwa nani, badala ya kuuliza kama ni ya Padre fulani. Mwisho alinganishe na saini na miandiko ya vitabuni. Jina lililochongwa ubavuni, mwaka wa kutengenezwa, kumbukumbu ya mzee na mwandiko wa kitabu vikikubaliana, hapo tunaweza kusema jambo kwa ujasiri. Visipokubaliana, tuandike kwamba havikukubaliana.

Wazee wanaokumbuka mapadre wa miaka ya 1950 wanazidi kupungua. Dhahabu itaendelea kuchimbwa Geita na Kahama kwa miaka mingi ijayo, na anayehitaji robo gramu ataipata kwingine. Tunawasihi mafrateri watakaokwenda likizo na kazi za kichungaji mwaka huu wamwombe paroko ruhusa, wafungue droo hizo mbele yake, na waje na daftari zilizoandikwa.